Kwenda Kalilani, kijiji cha mwisho kabla ya Mahale: boti, migebuka, sokwe na mengineyo

Fundi wa Maboti (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kiangazi kikianza tu simu yangu haipumziki. Watu wanataka kwenda Mahale. Maswali ni yale yale: basi linafika getini? Kuna pa kulala kwa bei ya mlalahoi? Sokwe wanang'ata? Nimeona niweke uzi hapa, na wenyeji mtaongeza.

Kazi yangu ni injini za boti, nipo Ujiji. Ila injini haziharibikii Ujiji peke yake, kwa hiyo mwambao wa kusini, kuanzia Ilagala, Sigunga, Herembe, Buhingu mpaka Kalya, naujua kwa kulala huko, si kwa kupita. Kote huko, nikiambiwa nichague pa kukwama nikisubiri spea, nachagua Kalilani.

Kwanza mjue palivyo. Ukitoka Kigoma kwa maji kwenda kusini, karibu kilomita 120, milima inazidi kusogea ziwani hadi kijiji kinabakiwa na kipande chembamba tu cha ardhi ya kujengea. Kalilani ipo hapo, mpakani kabisa mwa Hifadhi ya Mahale upande wa kaskazini. Mbele yako Ziwa Tanganyika, kina chake kinafika mita 1,470, duniani linapitwa na Baikal la Urusi tu. Nyuma yako safu ya Mahale, kilele chake Nkungwe kina mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lenyewe lipo kama mita 770, kwa hiyo ukisimama mchangani una mlima wa karibu mita 1,700 juu ya kisogo chako. Ndiyo maana asubuhi pale jua linachelewa. Kumeshapambazuka, ng'ambo ya Kongo milima imeshapata mwanga, ninyi mmekaa kivulini mnakunywa chai.

Sasa ushauri wangu, na najua kuna watakaobisha: panga safari ya Kalilani, halafu Mahale iwe nyongeza. Wengi wanafanya kinyume. Wanahesabu saa moja ya kuangalia sokwe, wanagawanya gharama yote kwa hiyo saa moja, wanaona wameibiwa. Ukienda kukaa kijijini, ukala wanachokula, ukalala wanapolala, hifadhi ukaingia siku moja, hesabu inakaa vizuri, na utarudi na mambo ya kusimulia zaidi ya picha ya sokwe amekupa mgongo.

USAFIRI. Njia ya kawaida ya mwananchi ni boti za mbao za abiria. Za kusini nyingi zinatokea Ujiji, zinaondoka jioni na kutembea usiku kucha, na zikiwa na vituo vingi usishangae kesho yake mchana bado mpo majini. Inategemea mzigo: saruji, kreti za soda, magodoro, mbuzi, mabati, halafu abiria. Meli ya MV Liemba ndiyo kila mtu anaiulizia. Ni ya Wajerumani, ilijengwa Papenburg 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwa reli na kuungwa Kigoma. Wenyewe waliizamisha 1916 ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Lakini imekaa miaka kadhaa bila safari kwa sababu ya matengenezo, kwa hiyo ulizia bandarini Kigoma kwanza, usijepanga likizo yako juu ya meli ya kwenye picha.

Barabara ipo, ile ya Simbo–Ilagala–Kalya. Kiangazi basi linafika upande wa Buhingu, ukifika huko unamalizia kwa boti au mtumbwi. Masika ni habari nyingine, matope yanaweza kukulaza njiani.

KABLA HUJAPANDA BOTI, haya nayasema kama fundi:

Nenda nyuma, tazama injini ikiwashwa. Pembeni inatoa kijimkondo cha maji, sisi tunasema injini inakojoa. Hayo ndiyo maji yanayoipoza. Kama haikojoi, au inakojoa matone matone, pampu ya maji imekufa, na hiyo injini itachemka mkiwa katikati ya giza. Usipande. Uliza kama kuna injini ya akiba, na uioneshwe kwa macho, maana "ipo" ya nahodha na "ipo" ya abiria ni vitu viwili. Angalia ubao wa juu wa boti uko umbali gani na maji baada ya mzigo kupakiwa. Ukiweza kunawa mikono ukiwa umekaa, shuka, subiri boti nyingine, hata kama nauli umeshatoa. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Na Juni hadi Agosti upepo wa kusini unavuma kweli, mawimbi ya ziwa hili si ya kuchezea. Nahodha mzima akisema leo hatutoki, mshukuru, usimpigie kelele za tiketi.

Vitambulisho: huku ni mpakani, maofisa wa uhamiaji hukagua. Beba cha NIDA. Ukifika kijijini, kabla ya kutafuta pa kulala, pita ofisi ya kijiji ujitambulishe kwa mtendaji na kusaini kitabu cha wageni. Fedha beba taslimu ya kutosha ya kijijini. Ya hifadhi hailipwi taslimu, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, na hilo limalize ukiwa Kigoma mjini penye mtandao wa uhakika.

Nitaendelea na chakula, pa kulala na hifadhi yenyewe. Ngojeni nimalize kazi ya watu.

Dar Mpya

Mkuu umeandika vizuri lakini mimi sijaelewa. Usiku mzima juu ya saruji na mbuzi, nifike nikute kivuli cha mlima? Hela hiyo si bora nivuke Zanzibar nirudi nimenawiri?

Fundi wa Maboti

Vuka tu ndugu yangu, Zanzibar nako kuzuri. Uzi huu ni wa wale walioshaamua.

Mnyamwezi wa Reli

Naweka kambi hapa. Mimi nipo Tabora, treni ya Kigoma napanda mlangoni kwangu, kwa hiyo nusu ya safari sina shida nayo. Swali: treni ikifika asubuhi, nawahi boti ya siku hiyo hiyo? Na asali nikibeba kwa ajili ya wenyeji itapokelewa au huko wanayo yao?

Fundi wa Maboti

Mkuu, treni ikifika asubuhi kama ilivyopangwa, unawahi na muda wa kula unaubakiza. Ila wewe ni mtu wa Tabora, treni hiyo unaijua kuliko mimi. Acha siku moja katikati. Daladala za kwenda Ujiji zipo tele kutoka mjini, na ukikwama pita uone pale Ujiji walipokutana Stanley na Livingstone 1871, pamejengwa mnara na makumbusho. Asali ya Tabora beba, hiyo haikataliwi popote.

Dagaa wa Katonga

Fundi, ahsante kwa uzi. Mimi ni mama wa dagaa, Katonga hapo Kigoma, na Kalilani huwa nashuka kununua mzigo. Naongeza jambo moja ambalo wageni wote hulikosea: tazama mwezi kabla hujatazama kalenda.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mitumbwi inafungwa pamoja kwa miti, wavu unatandazwa chini, taa zinawashwa, dagaa wanapanda kufuata mwanga, wavu unavutwa juu. Mbalamwezi ikiwa kubwa ziwa lote lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, watu wanarudi bure. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, kijiji kimetulia na samaki ni wa shida. Siku za giza ndiyo kijiji kina uhai. Usiku ukikaa ufukweni unaona taa zimejipanga hadi upande wa Kongo utadhani kuna mji. Alfajiri mitumbwi inaingia, sisi kina mama tumeshasimama na ndoo, kelele za bei zinaanza.

Halafu kazi ya kuanika. Wengine wanaanika mchangani, wengine kwenye vichanja. Mimi wa mchangani sinunui, mteja wangu akitafuna mchanga mara moja harudi. Dagaa mzuri ukimshika mgongo umenyooka, anang'aa, akivunjwa analia kwenye vidole. Aliyenyeshewa anapinda na kuwa mwekundu mwekundu, huyo anauzwa kwa wafuga kuku. Ndiyo maana Novemba wingu likitokea mlimani unaona kijiji kizima kinakimbia, watoto kwa wazee, wanakusanya dagaa kwa mifagio na maturubai. Mgeni ukiwa umekaa na simu yako wakati huo utaonekana mtu wa ajabu. Inuka, shika turubai.

Na angalieni ufungaji wa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ni makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho usiende na hamu ya dagaa wabichi.

Dar Mpya

Mama Dagaa sasa hapo umenishika. Huo ufungaji kwani ulisaidia? Maana tuliambiwa watu walilia njaa.

Dagaa wa Katonga

Mwanangu, walilia kweli. Mimi mwenyewe miezi ile nilirudi kuuza vitenge. Lakini sitakudanganya, lilipofunguliwa niliona dagaa wa saizi ambayo nilikuwa nimeisahau. Tatizo langu si kufunga. Ni kwamba mwenye mtumbwi ana akiba, anayevuta wavu hana. Huyu wa pili ndiye asiyekuwa na cha kumpa mke wake asubuhi. Wakifunga tena wamfikirie huyo.

Mwalimu wa Kata

Nimefundisha huko mwambao. Alichosema mama ni sahihi. Siku za giza nusu ya wavulana wa darasa la saba wanasinzia, usiku walikuwa kwenye taa. Mtandao wa simu: kuna mahali pa kusimama. Uliza watoto, wanapajua.

Fundi wa Maboti

Nimerudi wakuu. Naendelea.

CHAKULA. Huku ni ugali wa muhogo na samaki, asubuhi, mchana na jioni, na sijawahi kuchoka. Mgebuka ndiye mfalme wa meza. Akipatikana mbichi, anapasuliwa, anabanikwa kidogo apate moshi, halafu anaungwa kwa mawese na nyanya na pilipili ya mbuzi. Mawese ni ya michikichi ya hapo hapo, mekundu, mazito. Kama tumbo lako limezoea mafuta ya chupa, siku ya kwanza kula kidogo. Kuna kuhe, samaki mkubwa, nyama yake nyeupe, huyo akipatikana usiulize bei mara mbili. Sangala pia. Nyama ya ng'ombe na mboga za majani ndizo adimu, kwa hiyo vitunguu, karoti na kabichi kutoka sokoni Kigoma ni zawadi bora kuliko biskuti.

PA KULALA. Kijijini kuna vyumba vya wageni vya kawaida kabisa: kitanda, chandarua, ndoo ya maji, taa ya sola. Chandarua kama kimetoboka omba sindano na uzi, malaria ya huku haina mzaha. Ndani ya hifadhi, kule Kasiha, kuna mabanda ya hifadhi yenyewe ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyamudu, chakula unabeba chako. Yale mahema ya kifahari ya wazungu yapo mbele zaidi, hayo tuwaachie wanaofika kwa ndege.

KUOGA ZIWANI. Maji ni maangavu kiasi kwamba unaona samaki wa rangi rangi wakizunguka kwenye mawe chini ya miguu yako. Wengi wa hao hawapo popote pengine duniani isipokuwa Tanganyika. Lakini mamba wapo, viboko wapo, na swila wa maji yupo, ingawa huyo ana haya kuliko wewe. Kichocho nacho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Ogelea pale wanapoogelea wenyeji, mchana, na usijitie ushujaa wa kwenda peke yako kwenye mdomo wa mto.

HIFADHI. Mahale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa 1985, ina kilomita za mraba 1,613, na ndani hakuna barabara. Unafika makao yake, Bilenge, kwa maji, na kuanzia hapo ni miguu yako. Unaongozwa na askari wa hifadhi au mwongoza wageni, huruhusiwi kujiendea. Wapo watu wanaotangulia alfajiri kufuatilia walipolala sokwe, wanawasiliana kwa redio, ninyi mnafuata. Siku nyingine ni matembezi ya nusu saa. Siku nyingine ni kupanda hadi magoti yanauliza kosa lao ni nini. Kiangazi, hasa Agosti na Septemba, sokwe huwa wanashuka chini karibu na ziwa, ndiyo maana wengi huja miezi hiyo.

Mkiwafikia mnavaa barakoa, mnakaa mita kumi, saa moja, watu wasiozidi sita. Ukiwa na mafua usiende, na usifiche. Sokwe anashika magonjwa yetu. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulipita kwenye kundi hili linaloangaliwa na wageni, likapoteza sokwe kadhaa.

Binti Mwanga

Shikamoo Fundi, na shikamoo mama Dagaa. Mimi na wadogo zangu wawili, mmoja ana miaka tisa, tungependa kwenda likizo ya Juni. Je, mwanamke akisafiri bila mwanaume kwenye hizo boti ni salama? Na huyo mdogo ataruhusiwa?

Dagaa wa Katonga

Marahaba mwanangu. Boti hizo nusu ya abiria ni sisi. Panda mapema, kaa katikati karibu na kina mama wa mizigo, sema unakwenda kwa nani au unakwenda kufanya nini, watakuchukua kama wa kwao. Beba kitenge cha ziada na nguo nzito, usiku ziwani kuna baridi ambayo Mwanga hamuijui. Mtoto mpe chakula chepesi kabla ya kuondoka, akitapika asitapike mawese. Choo ndiyo mtihani, sikufichi. Kunywa maji kwa akili, na boti ikigusa kituo shuka ukajisaidie, usingoje cha mbele.

Kuhusu sokwe, mtoto wa tisa hawatampeleka.

Fundi wa Maboti

Marahaba. Naongeza tu kwamba kwa Mahale chini ya miaka 12 hawaendi kuona sokwe. Kijijini hatakosa la kufanya, watoto wenzake watamfundisha kuvua kwa ndoano kabla hujafungua begi.

Dar Mpya

Swali kutoka kwa mpinzani wenu. Gombe si ipo hapo hapo juu ya Kigoma, boti kutoka Kibirizi, saa chache? Sokwe si sokwe? Kwa nini mtu aende mbali hivyo?

Kasoge Asilia

Nimekuwa nasoma kimya, hapa nijibu mimi.

Sokwe si sokwe, ndugu. Wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi 1960, wanachokoa mchwa kwenye vichuguu kwa vijiti, na hilo ndilo lililowashangaza wazungu. Kundi la M la Mahale, hilo linaloangaliwa na wageni, halina habari na hao mchwa, lenyewe linachokoa sisimizi wa mitini, wale wanaoishi ndani ya shina. Wa Mahale wakichambuana manyoya wanashikana mkono mmoja juu, kama wanapeana tano, na mkono mwingine unaendelea na kazi. Gombe hawana mtindo huo. Ni kama makabila mawili, kila moja na mila zake.

Watafiti wa Mahale ni Wajapani. Profesa Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alifika 1965 na kazi haijakatika mpaka leo. Lakini jambo linalonigusa mimi ni la Novemba 1987. Mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni na Mohamedi Seifu, Mtongwe, yaani mwenyeji wa milima hii, mtu aliyeijua miti kuliko vitabu. Wakamwona sokwe jike anaitwa Chausiku, mgonjwa, hana raha, analala hovyo. Akauendea mti ambao sokwe hawauli kila siku, akamenya tawi changa, akatafuna kiini chake na kumeza ule uchungu. Mohamedi akasema hiyo ni dawa, sisi Watongwe tunaita mjonso, tunanywa kwa tumbo, minyoo na homa. Kesho yake Chausiku akawa anakula na kutembea vizuri. Wakaandika wote wawili, majina yao yote mawili juu ya karatasi, ikatoka 1989. Mti wenyewe si mgeni kwenu. Upande wa Kagera na Burundi wanauita mubirizi, bibi zenu waliwanywesha.

Sasa nyongeza kwa mleta mada. Umesema hifadhi vizuri lakini umeruka watu. Msitu wa Kasoge, huo huo wa sokwe, haukuwa mtupu. Bibi yangu alizaliwa humo. Watongwe walikuwa na makazi kwenye miteremko hiyo, wanalima mahindi na muhogo, wanahama shamba likichoka. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakashushwa, na hifadhi ilipotangazwa ndiyo ikawa basi. Ukipita msituni na mwongoza wageni ukaona mwembe, mpera au mlimau, jua hapo palikuwa na mji wa mtu. Watafiti wenyewe wameandika kwamba sokwe walikaa miaka bila kuyagusa matunda hayo, kisha watu walipokwisha kuondoka wakaanza kuyala taratibu.

Dar Mpya

Duh. Kwa hiyo mzee wangu mnataka mrudi?

Kasoge Asilia

Hapana. Wazee waliotaka kurudi wengi wameshakufa, na vijana wa leo wanataka shule, zahanati na mtandao. Tunachotaka ni viwili. Nkungwe kwetu ni mlima wa mizimu, kuna matambiko yake, mzee akiomba kupanda asionekane jangili. Na mgeni anapoelezwa historia ya mahali, asianziwe 1965.

Fundi wa Maboti

Kasoge Asilia, umesema na nimepokea. Ila nikubishie kidogo, maana nimekaa Kalilani na wavuvi wa kila asili: Watongwe, Waha, Wabembe, Wafipa, na wengine waliovuka kutoka Kongo babu zao. Wengi wao kilio chao si mlima. Kilio chao ni kwamba wageni wanatua kwenye kiwanja cha ndege, wanaingia boti ya kambi, wanapita mbele ya kijiji wakipunga mkono, wanakwenda kulala hifadhini, na hata kilo ya vitunguu haikununuliwa kijijini. Ajira zipo, waongoza wageni na wafuatilia sokwe wengine ni vijana wa hapo hapo. Lakini hela ya mgeni mwenyewe haigusi mchanga wa Kalilani. Ndiyo maana nawaambia Watanzania wenzangu walale kijijini. Mgeni mmoja anayekula kwa mama ntilie siku mbili anaonekana zaidi ya boti kumi zilizopita.

Kasoge Asilia

Hapo hatubishani.

Mwalimu wa Kata

Mkilala kijijini msigawe pipi wala hela kwa watoto njiani. Wakizoea, darasani hawaji, wanashinda ufukweni kusubiri boti. Mwenye moyo apeleke madaftari kwa mwalimu mkuu.

Mnyamwezi wa Reli

Kuna mtu kaniambia sokwe wanashuka hadi kijijini na chui wanakula mbuzi. Ni kweli au ni stori za vijiweni?

Fundi wa Maboti

Chui wapo hifadhini, na mbuzi analala ndani kwa sababu hiyo. Simba upande huu wa ziwa ni nadra, huko ni mashariki ya milima, kwenye miombo mikavu. Wanaokusumbua kijijini ni nyani na tumbili, hao mahindi yako wanayajua kuliko wewe. Begi lenye ndizi usiliache dirishani.

Binti Mwanga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tukimaliza, boti ya kurudi tunaipataje? Kuna ratiba?

Fundi wa Maboti

Ratiba ni sauti ya injini. Za kurudi nyingi hupita Kalilani mchana, na mwenye nyumba atakuambia jana yake kama kuna inayotarajiwa kutoka Kalya. Funga mizigo asubuhi, kaa karibu na ufukwe, usianze kupika. Ikitokea, mtapelekwa kwa mtumbwi mdogo hadi kwenye boti, kwa hiyo simu na vitambulisho vifungwe kwenye mfuko wa plastiki, viatu mkononi. Mdogo wako atangulie, wewe ufuate, begi la mwisho. Watu wa mtumbwi wana nauli yao tofauti, ndogo, muwe na chenji.

Na kama kazini unatakiwa Jumatatu, panga kurudi Ijumaa. Upepo ukikataa Ijumaa una Jumamosi na Jumapili za kuuomba.

Dar Mpya

Haya. Mtu akitokea Dar kwa ndege hadi Kigoma, akaingia boti jioni ile ile, anafaa? Naulizia rafiki.

Dagaa wa Katonga

Mwambie rafiki aje na koti. Na akipita Katonga aniulizie kwa jina la dagaa wa vichanja, nitampa wa njiani kwa bei ya nyumbani.

Fundi wa Maboti

Mama, mimi nashuka kesho kutwa, kuna injini Herembe imeshika pistoni, halafu naunganisha hadi Kalilani. Kama una agizo niambie leo.

Dagaa wa Katonga

Dumu langu la lita ishirini lipo kwa yule mama anayekamua mawese nyuma ya msikiti. Lilete likiwa limejaa, usilipokee nusu, na onja kwanza, mara ya mwisho alinipa yaliyoungua.

Mnyamwezi wa Reli

Fundi, kesho kutwa hiyo unatoka Ujiji saa ngapi? Treni yetu inaondoka leo usiku.

Fundi wa Maboti

Magharibi tunapakia. Njoo moja kwa moja mwaloni, uliza boti yenye injini iliyofunikwa kwa gunia la bluu. Asali weka mbali na mbuzi.